Kimraba Juu ya Stuli Tupu

Picha ya kwanza iliyopigwa kwa ile lenzi mpya ilitoa vizuri kila kitu isipokuwa mtu.

Nesi wa zahanati alikuwa amekuja kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Alikaa wima kwenye stuli, akaambiwa asicheke, na hakucheka. Picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta, mikunjo ya pazia la bluu nyuma yake ilihesabika mmoja mmoja, hata uzi uliochomoza kwenye pindo ulionekana. Uso wa nesi ulikuwa ukungu mtupu, pua haijulikani ilipoanzia.

"Huyu ni mimi au ni mgonjwa wangu?" nesi akauliza.

Mpiga picha akacheka, maana kucheka kulikuwa nusu ya kazi yake. Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wateja kwa miaka kumi na minne kabla ya kubonyeza, hata wafiwa. "Samahani, dada," akasema. "Lenzi ni ngeni, bado hatujazoeana."

Akapiga ya pili. Ukungu. Akapiga ya tatu, na safari hii akatazama kioo cha nyuma ya kamera vizuri. Lenzi zake zote za zamani zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, ndiyo maana akanunua hii inayojilenga yenyewe. Ukiielekeza kwa mtu, inachora kimraba cheupe kwenye kioo, kimraba kinatangatanga kutafuta jicho, kikilipata kinatua juu yake, kinageuka kijani, na kamera inalia pip. Basi unabonyeza.

Kimraba hakikumtaka nesi. Kilipita usoni kwake bila kusimama, kikaenda kushoto, kikatua juu ya stuli ya pili, ile ya kupigia watu wawili wawili. Stuli haikuwa na mtu. Kimraba kilielea juu yake, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyekaa, kikawa kijani.

Pip.

Tabasamu akageuza swichi, akalenga kwa mkono kama zamani, akampa nesi picha yake. Nesi akashukuru na kwenda zake. Halikuwa jambo la kumtisha mtu mzima, na Tabasamu hakutishika. Alikasirika tu, kama mtu aliyeuziwa viatu vyote vya mguu wa kushoto.

Siku tatu zilizofuata alifanya kila kinachofanywa. Alichomoa lenzi, akafuta vile vipini vya shaba kwenye kitako chake, vinavyoiunganisha na kamera, kwa ufutio wa penseli. Alibadilisha betri. Alipakua programu mpya ya kamera. Aliegemeza rula kwenye boksi la balbu, akaipiga picha kwa mshazari ili aone ni tarakimu ipi inayokaa sawa, na tarakimu ikatoka safi kabisa, kwani rula haina macho ya kutafutwa. Aliongeza taa. Alipunguza taa. Alimweka mkewe, Mama Nukta, kwenye stuli ya kulia akamwambia atulie.

"Nimetulia."

"Tulia zaidi."

"Baba Nukta, nikitulia zaidi ya hapa utaniita marehemu."

Kimraba kikampita Mama Nukta na kutua palepale, kushoto. Tabasamu akaiondoa stuli ile, akaiweka nje barazani. Kimraba kikabaki hewani, mahali stuli ilipokuwa, halafu taratibu kikaanza kusogea kuelekea mlangoni, kwa mwendo wa mtu anayefuata kiti chake. Tabasamu akazima kamera haraka. Mkewe hakuwa amekiona kioo, na yeye hakumwambia.

Akaipeleka lenzi kwa fundi wa kamera, jamaa mmoja mwembamba aliyejulikana kwa jina la Bisibisi. Bisibisi akakaa nayo siku nzima. Jioni akapiga simu.

"Kaka, lenzi yako ni nzima kuliko mimi. Nimewapiga wateja wangu wote, nimempiga hadi paka. Inashika jicho upesi ajabu."

"Kwangu inashika stuli."

"Stuli ina picha ya mtu? Ina stika?"

"Ni mbao tupu."

Bisibisi akaguna. "Hii haitui pasipo na jicho, kaka. Ndivyo ilivyotengenezwa. Hebu safisha studio yako."

Tabasamu akasafisha studio. Akafagia, akapiga deki, akafua pazia. Alipokuwa ameinama akifuta miguu ya ile stuli ya pili, ambayo alikuwa ameirudisha ndani, harufu ikampiga puani. Ilikuwa harufu ya moshi wa majani makavu, mzito, wenye uchungu, unaokaa kooni. Akainuka. Akaijua harufu ile. Aliinusa kila alasiri kwa miezi minne, ikitoka kwenye nyumba ya fundi cherehani upande wa pili wa barabara, na kila alipoinusa alifunga mlango wake. Siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa tayari, na harufu ilikuwa ndani.

Ndipo akakumbuka nani alikuwa mtu wa mwisho kukaa kwenye stuli ile peke yake.

Sasa inabidi tuseme jambo ambalo Tabasamu mwenyewe hakuwahi kulisema. Miezi mitano nyuma, fundi cherehani alimleta binti yake wa pekee, aliyemaliza shule, apigwe picha ya kutuma chuoni na nyingine ya kuweka ukutani. Mama alikuwa amemshonea gauni la rangi ya kijivu, kola yake imepigwa nyuzi kwa mkono. Binti alikuwa na haya, hajazoea kutazamwa, ikachukua muda mpaka akainua uso. Stuli ya kulia ilikuwa imelegea mguu siku hiyo, kwa hiyo alikaa ya kushoto. Picha zilikuwa nzuri. Tabasamu alijua ni nzuri.

Kisha gari la harusi likapiga honi nje, na Tabasamu akatoka mbio na kamera ileile. Pale ukumbini, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia, kamera ikaandika kwamba kadi imejaa. Mpiga picha mwenye akili hubeba kadi ya pili. Mpiga picha mwenye akili pia huhamisha kazi ya asubuhi kwenye kompyuta kabla ya kuondoka. Tabasamu hakuwa amefanya hili wala lile. Akabonyeza kufuta vyote, akakubali, akaendelea na harusi.

Jumatatu fundi cherehani akaja kuchukua picha. Benchi la wateja lilikuwa na watu sita. Tabasamu angeweza kusema, "Mama, nimezifuta kwa uzembe wangu, mlete binti nimpige tena." Maneno hayo si mzigo kwa mtu mwingine. Lakini jozi sita za macho zilikuwa zinamtazama, na yeye ndiye aliyejisifu mtaani kwamba hajawahi kupoteza picha ya mtu. Akaona aibu. Na mwenye aibu hushika chochote kilicho karibu na mkono wake.

"Hazikutoka," akasema. "Nimempiga mara ishirini. Lenzi imemkataa."

"Imemkataa vipi?"

"Kuna watu wa namna hiyo, mama. Sijui. Labda ana kitu."

Alisema hivyo tu. Hakusema jini. Hakuna haja ya kusema jini mahali penye watu sita.

Kufikia jua kuzama, maneno ya benchi yalikuwa yameshasambaa mtaa mzima. Wateja wa cherehani hawakutaka tena binti awapime viuno. Walisema mikono yake ni baridi. Barua ya chuo ikaja na kupita. Mama mtu, ambaye mwanzo alibisha, akaanza kumchungulia mtoto wake akiwa usingizini, na hatimaye akamwita mganga, na kila alasiri binti akawa anakaa chini ya shuka zito, moshi unafukizwa, anakohoa. Tabasamu aliyaona yote hayo kutoka dirishani kwake. Kila siku alisema atavuka barabara kesho. Barabara yenyewe ni hatua kumi na mbili.

Kwa hiyo sasa alisimama mbele ya ile stuli, kitambaa cha deki kinamchuruzikia miguuni, na aibu ikampanda kutoka tumboni hadi masikioni, nzito kuliko hofu. Hofu ilikuja baadaye kidogo, alipowaza kwamba lenzi za zamani hazikujua kutafuta macho, kwamba hii ndiyo ya kwanza kujua, na kwamba basi yule aliyekuwa anaonekana sasa hakuwa amekuja juzi na lenzi; alikuwa amekaa pale miezi mitano, akimtazama akifanya kazi, akimtazama akila mchana, akimtazama akifunga mlango moshi ukianza.

Mlango ukafunguliwa, akaruka. Alikuwa binti yake, Nukta, wa darasa la tatu, ametoka shule na begi mgongoni. Alipewa jina hilo kwa kuzaliwa mdogo mno, na halikumtoka hata alipoanza kurefuka.

"Baba, nipige picha na lenzi mpya."

"Sasa hivi hapana."

"Moja tu." Na kabla hajamzuia, mtoto alikuwa ameshapanda kwenye stuli ya kushoto, amening'iniza miguu.

Tabasamu akainua kamera ili amalize haraka. Lenzi ikalia sauti yake ndogo, nziii, kimraba kikatokea, na bila kutangatanga hata kidogo kikatua kwenye jicho la Nukta. Kijani. Pip. Akabonyeza. Picha ikatoka safi, kope zote zinahesabika. Akapiga ya pili, ya tano, ya kumi, na zote zikawa safi. Nukta akashuka akakimbilia jikoni kwa mama yake. Tabasamu akaielekeza kamera kwenye stuli iliyobaki tupu, akasubiri. Kimraba hakikuja. Lenzi ilihangaika kidogo ikanyamaza. Hakukuwa na kitu.

Furaha iliyomwingia ilikuwa ya kijinga, na alijua ni ya kijinga, lakini aliikumbatia. Vumbi, akajiambia. Lilikuwa vumbi kwenye vipini vya shaba. Akapiga mluzi jioni nzima. Jikoni Mama Nukta alikuwa anamwuliza mtoto amepita wapi, mbona nywele zake zinanuka moshi, na Tabasamu alisikia swali hilo, akaongeza mluzi.

Wiki iliyofuata akaitwa shuleni kupiga picha ya mwaka ya darasa la tatu. Akaenda na lenzi mpya. Watoto arobaini na mmoja wakapangwa kwa safu nne mbele ya ukuta wa darasa, jua liko nyuma ya mpiga picha, hali nzuri kabisa ya kazi. Vimraba vikajaa kwenye kioo, kimoja kwa kila uso, vyote vya kijani. Alipiga mara sita kwa usalama. Akahamisha picha kwenye kompyuta kabla ya kula, maana hilo alikuwa amejifunza. Hakuzikagua moja moja. Zilikuwa na watoto wengi, na kwa mbali zilionekana safi.

Siku ya wazazi picha ikatundikwa kwenye ubao wa matangazo, kubwa, imechapwa na kuwekwa fremu na shule yenyewe. Wazazi wakasogea kutafuta watoto wao. Tabasamu alisimama kando akingoja sifa.

Sifa zilianza, kisha zikapungua, kisha kukawa na minong'ono. Akasogea. Watoto arobaini walionekana safi hadi vifungo vya mashati, hadi kovu la goti la yule wa mwisho kulia, na katikati ya safu ya pili, pale Nukta aliposimama kati ya rafiki zake wawili waliomshika mabega, palikuwa na shingo, kola ya sare, na juu ya kola ukungu, ukungu uleule wa nesi, isipokuwa huu haukuwa umetulia, ulionekana umegeuka, kana kwamba uso wa mtoto ulikuwa unatazama mbele na uso mwingine mahali hapohapo ulikuwa unatazama pembeni.

Mwanamke wa duka la vitabu, aliyekuwa benchini ile Jumatatu, akamgusa mkono kwa huruma ya kweli.

"Pole, Tabasamu. Usijilaumu. Si wewe mwenyewe ulituambia? Wengine lenzi inawakataa." Akashusha sauti. "Labda ana kitu."

Nukta alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia. Alitazama picha, akamtazama baba yake, akangoja amtetee. Baba yake akasema wanahitaji kuondoka, amesahau kitu nyumbani.

Kesho yake hakuna mtoto aliyekubali kukaa na Nukta dawati moja. Keshokutwa mwalimu, kwa adabu, akasema labda apumzike nyumbani kidogo. Alasiri hiyo Mama Nukta aliingia studio, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini ambayo mumewe hakuizoea.

"Anaongea peke yake."

"Watoto huongea."

"Anamsogezea mtu nafasi kitandani, Baba Nukta. Mchana kweupe, nimemkuta amekaa ukingoni kabisa, namwuliza mbona umejibana, ananiambia nafasi haitoshi. Nikanusa." Akafunika mdomo. "Namwita yule mganga wa binti wa fundi cherehani. Sitaki kusikia neno."

Tabasamu hakusema neno. Katika mambo yote aliyowatendea watu, hilo la kunyamaza alilijua vizuri.

Mganga alikuja saa tisa alasiri. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni na daftari la shule mkononi, na angeweza kudhaniwa mkaguzi wa mita za maji. Watu walimwita Mama Moshi. Alizungumza kwanza na Nukta peke yake, kisha akaomba kuona picha ya darasa, kisha akaomba kuona kamera. Mama Nukta akabaki na mtoto jikoni.

"Hiki kijimraba kinatafuta nini?" akauliza.

"Macho."

"Hakikosei?"

"Fundi anasema hakitui pasipo na jicho."

"Basi hiki kifaa kina akili kukuzidi." Akavua miwani. "Yule binti wa hapo mbele nimemfukiza miezi minne. Nimemkagua juu chini. Sijaona kitu. Hana kitu, hakuwahi kuwa na kitu, na mama yake nimemwambia, lakini ataniaminije mimi wakati mtaa wote unasema? Nikawa najiuliza, habari hii ilianzia wapi. Leo nimeingia humu, nimeikuta harufu ya moshi wangu mwenyewe kwenye stuli yako. Moshi wangu unamfukuza nani kule, ilhali mwenyewe anakaa huku?"

Tabasamu akatazama sakafu.

"Ulimtaja," mganga akasema. "Ulimtaja mtu asiyekuwepo, mbele ya watu, ukampa na kiti. Akaja kukaa. Viumbe wa namna hiyo huzurura tu wakitafuta pa kuitwa. Sasa umemkalisha mwanao mapajani mwake. Ulifanya nini, baba?"

Akamwambia. Alimwambia nusu kwa kunong'ona, akiangalia mlango wa jikoni, na mara mbili mganga alimwomba apaze sauti. Alipomaliza, uso ulikuwa unamwaka, na jasho limelowesha kola. Mganga hakumfokea. Afadhali angemfokea.

"Mimi si wa kuambiwa," akasema. "Waliosikia uongo ndio wasikie. Benchi lilelile, watu walewale, na binti awepo na mama yake awepo. Useme ulichofanya, ukiite kwa jina lake. Usipunguze wala usipambe. Kitakachobaki mdomoni mwako ni cha kwako."

Jumatatu wakaja. Mganga mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba. Watu sita wakakaa kwenye benchi, mwanamke wa duka la vitabu yuko katikati. Fundi cherehani akaja akiwa amemshika binti yake mkono, binti amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi, amekonda, ananuka moshi. Mama Nukta alisimama mlangoni na Nukta. Hakuna aliyekuwa amemwambia Mama Nukta kiini cha jambo. Alifikiri ni dua.

Tabasamu akasimama mbele ya pazia la bluu, mahali ambapo kwa miaka kumi na minne alikuwa amewasimamisha wengine na kuwaambia watulie.

"Nimewaita," akaanza, "kwa sababu ya picha za binti. Lenzi haikumkataa. Hakuna mtu lenzi inamkataa. Picha zilikuwa nzuri. Yule binti hana kitu. Mimi nilisema uongo."

Benchi likatikisika. Fundi cherehani akafungua macho makubwa.

"Kama zilikuwa nzuri," akasema polepole, "zilikwenda wapi?"

Na hapo, wapendwa, ndipo pa kulia. Mtu alikuwa ameshavuka mto, bado hatua moja akanyage ukavu. Akatazama benchi. Akamtazama mkewe mlangoni, mwanamke aliyekuwa akiwaambia wateja kwa fahari kwamba mume wake hana mkono wa kupoteza. Akamtazama Nukta. Neno lilikuwa tayari ulimini: nilizifuta. Akalionja. Lilikuwa chungu.

"Kadi," akasema. "Kadi iliharibika. Ilizila picha. Nikaona aibu kusema."

Ilikuwa tofauti ndogo sana. Binti alisafishwa vilevile. Mama alipata jibu vilevile. Nani angeumia? Mama Moshi, aliyekuwa amesimama pembeni, alimtazama kwa muda mrefu, akafunga daftari lake.

Fundi cherehani akaanza kulia, si kwa hasira, kwa miezi mitano. Akamvuta binti yake kifuani, akamwomba msamaha mbele ya watu kwa kila alasiri aliyomfunika shuka. Benchi halikujua pa kutazama. Mwanamke wa duka la vitabu akainuka, akampa binti mkono, akaushikilia.

"Nipige tena," binti akasema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika mle ndani tangu siku ile.

Akaondoa kitambaa kichwani, akakaa kwenye stuli ya kushoto, akainua uso. Nziii. Kimraba kikaenda moja kwa moja kwenye jicho lake. Kijani. Pip. Picha ikatoka safi, na watu wakasogea kwenye kompyuta wakasema ni nzuri, na ilikuwa nzuri. Nukta akapigwa baada yake, mara moja, uso wake mdogo ukajaa kwenye kioo bila ukungu wowote, akacheka, na Mama Nukta akazinusa nywele zake akapata sabuni tu. Watu wakapiga makofi. Tabasamu naye akacheka. Ule mzigo ulikuwa umeondoka studio, kila mtu aliuhisi.

Mama Moshi alikuwa wa mwisho kutoka. Akageuka mlangoni.

"Wale mabinti wawili wako salama," akasema kwa sauti ya chini. "Yule wa kwenye stuli hatawagusa. Wewe ulisema yote?"

"Yote, mama."

"Haya," mganga akasema, akaondoka haraka, hakungoja hata chai.

Tabasamu akabaki peke yake na mwanga wa jioni dirishani. Akapanga stuli zake, moja kulia, moja kushoto. Alitaka kuhakikisha, kama kila fundi anavyotaka kuhakikisha kazi iliyokwisha. Akaifunga kamera kwenye stendi, akakigeuza kioo kimwelekee yeye, akakaa kwenye stuli ya kushoto. Akajiona. Alionekana mtu mwema, amechoka kidogo.

Nziii, lenzi ikalia. Kimraba cheupe kikatokea kwenye paji lake la uso. Kikateremka hadi jicho la kulia, na yeye akashusha pumzi akingoja kijani, lakini hakikusimama, kilivuka hadi jicho la kushoto, kikalipita nalo, kikashuka kando ya pua taratibu, kwa mwendo ule ambao siku moja kilikuwa kimefuata stuli kuelekea mlangoni, kikapita juu ya masharubu yake, na alipokuwa bado anajiambia kwamba ni taa, kwamba ni giza linaingia, kwamba kesho atafuta tena vipini vya shaba, kikatua mdomoni mwake kikageuka kijani.

Pip.

Akafumba mdomo, akabana midomo mpaka ikauma. Kimraba hakikuondoka. Kooni alihisi ladha ya moshi, na nyuma ya meno kitu kikapepesa polepole, kama kope.

"Baba Nukta!" mkewe akaita kutoka barazani, kwa sauti ya furaha ambayo nyumba haikuisikia kwa wiki mbili. "Fundi cherehani amerudi na binti. Wanataka kujua, ile kadi mbovu unayo bado? Kuna mtu anaweza kuokoa picha. Nimwambie nini?"

Tabasamu alikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, na safari hii alilitaka kwa roho yake yote. Lakini ulimi ulikuwa umeshaanza kujisogeza wenyewe, na kwenye kioo aliiona midomo yake ikiachana, ikitabasamu.

"Niliitupa, mke wangu," sauti yake ikajibu. "Waambie niliitupa."